Mafuta ya mchaichai yawekwe panapofichwa mafuta ya taa

Mchaichai umezoeleka katika majiko ya Afrika Mashariki, uchemshwe peke yake au pamoja na tangawizi, na wengi wetu tumeunywa tangu utotoni bila wasiwasi. Imani hiyo tumeihamishia kwenye vichupa vya mafuta yake, vinavyouzwa madukani na mitandaoni kwa ajili ya kufukuza mbu, kuchua viungo na kunukisha nyumba. Nadhani hapo tumekosea. Kilichomo kichupani ni kemikali kali iliyotoka kwenye jani tunalolipenda, na nyumbani inastahili kufichwa pale pale panapofichwa mafuta ya taa: juu, mbali na mkono wa mtoto.

Hesabu yenyewe inatosha kututia shaka. Kilo moja ya majani mabichi hutoa gramu 2 hadi 5 tu za mafuta, kwa hiyo kichupa cha mililita 10 kimebeba mafuta ya kilo 2 hadi 4 na nusu za majani yaliyokenekwa kwa mvuke. Kikombe cha chai huhitaji majani machache tu, na sehemu ya mafuta yake hupotea hewani birika linapochemka. Anayejipaka matone kumi bila kuyachanganya na kitu anaipa ngozi yake, kwa mkupuo mmoja, mafuta ya gramu mia moja hadi mia mbili za majani. Tena kwa kawaida theluthi mbili au zaidi ya mafuta hayo ni sitrali, kiini cha ile harufu ya ndimu, ambacho kinajulikana kuwasha ngozi na kuleta mzio. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wa vipodozi waitaje sitrali kwa jina kwenye lebo inapozidi kiwango kidogo sana.

Wapo watakaosema wameyatumia mwaka mzima na hawajadhurika. Siwapingi, ila mzio wa ngozi ndivyo ulivyo: haulazimiki kujitokeza siku ya kwanza. Kinga ya mwili huweza kujifunza kuitambua sitrali kama adui polepole, kila mtu anapojipaka, na ikishaitambua hivyo, kiasi kidogo tu ndani ya sabuni au manukato kinatosha kuleta vipele, pengine kwa maisha yote. Wengine hujitetea kwamba mafuta yao ni safi, hayajachakachuliwa. Usafi huo ni mzuri kwa mnunuzi asiyetaka kuibiwa, lakini haupunguzi ukali hata kidogo. Mafuta yakiwa safi zaidi, sitrali nayo imo kwa ukamilifu wake. Na zile habari kwamba yanaua bakteria na fangasi maabarani ni za kweli, ila kuua vijidudu ndani ya kisahani cha kioo si ushahidi kwamba mtu anaweza kuyanywa akapona.

Sisemi yatupwe. Kwa kujipaka, wataalamu wa usalama wa mafuta ya aina hii hupendekeza yasizidi asilimia 0.7, yaani matone 14 hivi ndani ya mililita 100 za mafuta ya nazi au alizeti, kisha yajaribiwe kwanza kwenye sehemu ndogo ya ngozi ya mkono kwa siku moja au mbili. Kuyadondosha kwenye maji ya kuoga hakuyapunguzi makali, kwa sababu hayayeyuki majini. Huelea na kugusa ngozi yakiwa vilevile. Mjamzito na mtoto mchanga wasipakwe. Anayefukiza chumba afungue dirisha, na paka aachiwe njia ya kutoka. Kuhusu mbu, harufu hiyo huwafukuza kwa muda mfupi kisha hupeperuka, hivyo penye malaria chandarua kibaki palepale.

Ninachokihofia zaidi ni mtoto anayeyanywa mafuta ya kichupani. Mafuta haya, kama ya taa, mtoto akipaliwa nayo huingia mapafuni na kuyaunguza. Asitapishwe wala asinyweshwe maziwa kwa kudhani yatavunja sumu. Apelekwe hospitali mara moja, na kichupa kiende naye ili daktari ajue alichokunywa.

Familia haiwezi kuubeba mzigo huu peke yake. Mchuuzi anayebandika neno "asilia" kwa herufi kubwa ana nafasi pia ya kuandika "usinywe" na "changanya kabla ya kupaka" kwa Kiswahili. Tanzania ilikabidhi usimamizi wa vipodozi kwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Shirika hilo lidai maandishi hayo kwenye kila kichupa, pamoja na kifuniko ambacho mtoto hawezi kukifungua.