USAWA GANI HUU WA KUMPUNJA MAMA?

Katika mkutano wa tawi letu mzee mmoja alisimama akauliza: "Kama sote tu sawa, kwa nini ziko nchi ambazo mwanamke hupewa malipo ya uzeeni kabla ya mwanamume?" Swali hilo ni la haki, wala si la kuchekwa. Lakini nyuma yake liko kubwa zaidi: tofauti hiyo ikiondolewa, atakayelipa ni nani?

Tutazame Uingereza. Sheria ya mwaka 1940 ilimpa mwanamke pensheni akiwa na miaka 60. Mwanamume akabaki kwenye 65. Mwaka 1995 Bunge lao likatangaza usawa. Je, lilimshusha mwanamume? Hata kidogo! Lilimpandisha mwanamke. Mwaka 2011 likazidisha mwendo: Novemba 2018 wote wakawa kwenye 65, na Oktoba 2020 kwenye 66. Wanawake wapatao milioni 3.8, waliozaliwa katika miaka ya 1950, waliguswa. Wengi walichangia Bima ya Taifa tangu usichana wao wakihesabu 60, na barua za kuwaarifu zikacheleweshwa. Machi 2024 ofisi ya Bunge inayochunguza malalamiko ya raia ilisema wastahili fidia. Desemba ya mwaka ule ule Serikali ikakataa.

Sasa tuje Afrika Kusini. Huko sheria ya pensheni ya mwaka 1928 haikumhesabu Mwafrika kabisa. Aliingizwa mwaka 1944 kwa malipo duni, na malipo ya rangi zote hayakulingana mpaka 1993. Hata hapo mwanamke alipewa akiwa na miaka 60, mwanamume 65. Wazee wanaume wakaishtaki Serikali mahakamani. Nayo ilifanya nini? Mwaka 2008 ilianza kumshusha mwanamume: kwanza 63, kisha 61, na mwaka 2010 akafika 60. Mama hakupoteza hata siku moja!

Watetezi wa London watasema pensheni yao hutokana na michango na wazee wao wamekuwa wengi, bali ile ya Afrika Kusini ni msaada wa hazina kwa wazee maskini. Ni kweli. Lakini hiyo ni hoja ya fedha, si hoja ya usawa. Aliyepungukiwa na aseme amepungukiwa, asijivike kanzu ya haki. Na kwa nini wa kwanza kutozwa awe mama, aliyelea watoto bila mshahara, na kazini akalipwa kidogo?

Ndugu wananchi, pishi mbili zisipolingana, mtu mwadilifu huijaza iliyopungua, haimwagi iliyojaa. Siku mtakapoletewa sheria yenye jina la usawa, msipige makofi upesi. Ulizeni kwanza: nani anaongezewa, nani anapunguziwa, na je, ameambiwa mapema? Asiyeweza kuwajibu hayo hakuleta usawa, ameleta kodi.