Dawa ya Moyo Haiazimwi

Imezoeleka katika majumba yetu kwamba mtu akishikwa na kifua, jirani humletea vidonge vyake vilivyobaki. Hufanya hivyo kwa mapenzi. Mwezi huu tumeona yafaa tueleze jinsi mapenzi hayo yawezavyo kuua.

Moyo hupiga kwa umeme mdogo. Katika kila chembe ya nyama yake mna vijilango ambavyo sodiamu hupitia kuingia ndani. Hufunguka na kufungika kwa kufumba na kufumbua. Mshipa unaoulisha moyo ukizibika, baadhi ya vijilango hivyo havifungiki barabara. Sodiamu hujaa ndani, kisha kalsiamu nayo huzidi, hata nyama ya moyo ikashindwa kulegea na mapigo yakavurugika.

Wataalamu wakafikiri: tukivifunga kwa dawa, tutauhifadhi moyo. Fikira hiyo ilikuwa njema. Basi huko Marekani likafanywa jaribio lililoitwa CAST, kwa watu waliokwisha kupatwa na shambulio la moyo na ambao mapigo yao yalikuwa na hitilafu. Dawa mbili, enkainidi na flekainidi, ziliyatuliza mapigo hayo kweli. Lakini mwaka 1989 zilisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba katika watu 755 waliopewa dawa walikufa 63, na katika 743 waliopewa vidonge visivyo na dawa walikufa 26 tu.

Hatusemi kwamba dawa za namna hii zote ni sumu. Flekainidi bado huwafaa wagonjwa wengine ambao mioyo yao haina kovu wala mishipa iliyoziba. Ranolazini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2006, huzuia ile sodiamu inayoendelea kupenya kwa kuchelewa, na hupunguza maumivu ya kifua. Lakini katika jaribio la wagonjwa 6,560 lililotangazwa mwaka 2007, haikupunguza vifo.

Basi ikiwa mabingwa wenyewe walidanganyika kwa mapigo yaliyotulia, sisi tutajuaje kwa kutazama rangi ya kidonge? Dawa moja huwa ponya kwa huyu na kaburi kwa yule, na wa kupambanua ni daktari aliyempima mgonjwa. Aliyeandikiwa dawa asiiache kwa kusoma maneno haya, ila amwulize daktari wake. Na anayebanwa na kifua asingojee kidonge cha jirani. Apelekwe hospitali saa ile ile, kwani kila dakika ipitayo nyama ya moyo inazidi kufa. Jirani mwema ni yule atafutaye gari.