Hekima ya Bara Hindi Si Moja

Wako waandishi wapendao kusema kuwa Bara Hindi ni nchi ya ndoto: kwamba wenye hekima wake wote wa kale walifumba macho, wakaidharau dunia, wakanyamaza. Wengine husema hivyo kwa kejeli, wengine kwa sifa. Mimi naona sifa hiyo ni mbaya kuliko kejeli, kwani asifiwaye hunyang'anywa hoja zake huku akipigiwa makofi.

Hebu tutazame mzozo mmoja tu. Watu wa Nyaya, madhehebu ya mantiki, walifundisha hivi: mlimani pana moshi, penye moshi pana moto, kama jikoni, basi mlimani pana moto. Wacharvaka, walioshikilia kuwa milango ya fahamu ndiyo shahidi pekee, wakawauliza: Je, mmeingia katika kila jiko, la waliokufa na la watakaozaliwa? Kama hamkuingia, mmejuaje kuwa penye moshi hapakosi moto? Swali hilo ni gumu, wala halijazeeka hata leo. Watu wa Nyaya wakajibu: mwenye shaka hiyo, atakapo moshi, mbona huenda kuwasha moto? Je, haya ni maneno ya watu waliolala?

Hata katika habari za Mungu hawakupatana. Udayana wa Nyaya aliandika kitabu kizima kuthibitisha kuwa yupo. Kumarila wa Mimamsa, aliyezitetea Veda kwa nguvu zake zote, alikana kuwa ulimwengu una muumba. Wabudha walikana nafsi idumuyo. Wajaini wakasema nafsi zipo, nazo hazihesabiki.

Vitabu vya Wacharvaka karibu vyote vimepotea, na mengi tuyajuayo juu yao tumeyapata vinywani mwa wapinzani wao. Lakini tazama wapinzani hao walivyokuwa. Madhava, mfuasi wa Vedanta wa karne ya 14, alipokusanya mafundisho ya madhehebu 16 katika kitabu kimoja, sura ya kwanza aliwapa Wacharvaka, watu waliokana karibu kila alichokiamini yeye. Akaeleza hoja zao kwa urefu kabla ya kusikilizwa wa kuwajibu. Waandishi wetu wa ndoto, wajiitao marafiki wa Bara Hindi, hawawapi hata mstari mmoja.