Siha Nyumbani: Mafua na Subira Yake



Kila kinapoingia kipupwe, nyumba zetu hujaa chafya. Huanza kwa mtoto mmoja aliyerudi chuoni na pua yamchuruzika, akamwambukiza nduguye, kisha mama, kisha bibi. Na kabla ya wiki mbili kwisha hapana aliyesalia. Maradhi haya ni madogo, wala hapana nyumba isiyoyajua. Lakini mwezi huu tumeona vema tuyazungumze, kwani katika jambo dogo hili wengi hufanya kosa kubwa: hukimbilia dukani kununua dawa kali isiyo ya maradhi hayo, wakaacha lile linalotakiwa nyumbani, nalo ni mapumziko na subira.

Kwanza tujue mafua ni nini. Mafua huletwa na virusi, navyo ni vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Aina zake zapita 200, na ndiyo sababu mtu aliyepona leo aweza kushikwa tena mwezi ujao na aina nyingine. Mtu mzima hushikwa yapata mara 2 au 3 kwa mwaka, na mtoto mdogo hata mara 6 au 8. Basi mama asidhani kuwa mwanawe amepatwa na husuda kwa kuwa tu hupiga chafya mara kwa mara.

Wazee wetu husema mafua ni baridi. Huko Uingereza, karibu na mji wa Salisbury, ilifunguliwa mwaka 1946 nyumba makhsusi ya kuchungua mafua, nayo ikafungwa mwaka 1990. Maelfu ya watu walijitolea kukaa humo ili wachunguzwe. Baadhi yao waliloweshwa maji wakakaa penye upepo wa baridi. Ikaonekana kuwa baridi peke yake haikuwaletea mafua. Kiletacho mafua ni virusi vitokavyo kwa mwenye maradhi. Na katika miaka yote ile ya kutafuta haikupatikana dawa ya kuyaponya. Hata leo haijapatikana.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu. Zile dawa ziitwazo antibiotiki, ambazo wengi huzijua kwa vidonge vyake vya rangi mbili, huua bakteria, virusi haziviui. Mwenye mafua akizimeza atapona siku ile ile ambayo angepona bila ya kuzimeza, kisha akaisifu dawa kwa kazi iliyofanywa na mwili aliopewa na Mola wake. Wala makohozi kugeuka manjano au kijani si hoja peke yake ya kuzitaka dawa hizo.

Na lau khasara ingekuwa ya fedha tu, tungenyamaza. Lakini bakteria waliomo mwilini wakizoezwa dawa bila ya haja, hutokea miongoni mwao walio sugu, wasioweza kuuliwa nayo. Alexander Fleming, aliyevumbua penisilini mwaka 1928, aliwaonya watu juu ya jambo hili mwaka 1945 alipopokea tuzo ya Nobel. Bakteria hao sugu huhama. Siku watakapomwingia kifuani mtoto mchanga wa jirani, akashikwa na nimonia ya kweli, dawa iliyokuwa ikimwokoa haitamfaa. Basi kidonge kilichomezwa bure kwa mafua ya mmoja chaweza kuwa msiba wa mwingine. Dini yetu haituruhusu kujidhuru wala kuwadhuru wenzetu. Na ubaya huzidi pale vidonge vilivyobaki vinapowekwa kabatini, akagaiwa mtoto mwingine kwa kipimo cha kubahatisha.

Huenda mtu akauliza: je, hatukuamrishwa kujitibu? Naam, tumeamrishwa. Lakini kujitibu ni kuutafutia ugonjwa dawa yake, si kumeza kila kiuzwacho dukani. Na mafua, tiba yake ni kuusaidia mwili mpaka umalize kazi yake. Aghlabu siku ya 2 na ya 3 ndizo ngumu, kisha hali huanza kutengenea, na katika siku 7 mpaka 10 mgonjwa huwa amepona.

Basi mgonjwa na apumzike, alale mapema, anywe maji kwa wingi, na uji mwepesi, supu, au chai ya tangawizi. Asali Mwenyezi Mungu ameitaja katika Surat An-Nahl kuwa mna ponya ndani yake. Kijiko kimoja kabla ya kulala hupunguza kikohozi. Lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe asali kabisa, kwani yaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazotoa sumu khatari kwake. Mtoto mchanga aliyezibwa pua atiwe matone machache ya maji ya chumvi safi yauzwayo katika duka la dawa, kisha anyonyeshwe.

Ikiwa kichwa chauma au mwili una joto, mtu mzima aweza kumeza paracetamol, vidonge 2 vya miligramu 500 kwa mara moja, wala asipite 8 katika saa 24. Na aangalie vema, kwani dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake. Mwenye kuzichanganya huzidisha kipimo bila ya kujua, akadhuru ini lake. Aspirini asipewe mtoto wa chini ya miaka 16. Ama kujifukiza, twawasihi akina mama wasimfunike mtoto shuka juu ya sufuria ya maji ya moto. Wengi wameungua kwa njia hiyo.

Katika ibada, Mola wetu ametufanyia wepesi. Anayedhurika kwa maji baridi na ayapashe moto. Asiyeweza kusimama na aswali ameketi. Mwenye chafya nyingi ana udhuru wa kuswali nyumbani, asiwaambukize wenzake safuni. Mtoto naye abaki nyumbani siku mbili tatu za mwanzo; sisi walimu hatutamwandika mtoro. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipopiga chafya alikuwa akifunika uso wake na kupunguza sauti yake. Vijana wetu na waishike adabu hiyo, wanawe mikono kwa sabuni, wala wasipenge kamasi katika hodhi ya msikiti watawadhapo watu wote.

Lakini subira si uzembe. Ina mpaka wake. Katika nchi zetu zenye malaria, mtu akiwa na homa asikae akisema ni mafua tu. Aende akapimwe siku ile ile au ya pili yake. Mtoto mwenye kikohozi, mama amhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, au 50 kwa wa miezi 2 mpaka 11, au 40 kwa wa mwaka 1 mpaka 5, ampeleke hospitali mara moja. Kadhalika akiwa kifua chabonyea ndani avutapo pumzi, au hawezi kunyonya wala kunywa, au atapika kila kitu, au ameshikwa na degedege, au amelegea haamki. Hapo hapana kungoja asubuhi. Na mtu yeyote aliyekohoa kwa wiki 2 au zaidi na akapimwe kifua kikuu.

Haya ndiyo mizani yake: mafua yaachiwe siku zake, na khatari isiachiwe hata saa moja. Mwili ni amana tuliyokabidhiwa, na mwili wa jirani ni amana pia. Mwenye kuzuia mkono wake usinunue dawa isiyohitajiwa amezihifadhi amana zote mbili.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape afya wazazi na watoto wetu. Amin. Wabillahi taufiq.