Tinti ni ya Jua au ya Fahari?

Wapo wafanyabiashara wetu, kuanzia Tarime mjini hadi Mugumu, wanaoamini kwamba duka bila tinti ni ushamba. Hebu tuulizane: tinti ni ya jua au ya fahari?

Sisi tuko jirani na Ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, linachoma bati zaidi ya kioo. Dirisha linaloteseka ni la mashariki asubuhi na la magharibi jioni. Hapo tinti ina kazi, fundi aitwe na alipwe haki yake. Lakini kuzungushia jengo zima, hata kaskazini na kusini ambako baraza pana lingetosha, ni kununua giza kwa pesa. Mchana kutwa taa zinawaka!

Tena ile ya kung'aa inawadanganya: usiku taa ikiwaka ndani, aliye nje anakuona, wewe humwoni.

Na mama aliyeuza ulezi wake, anatafuta khanga, atajuaje kama humo ni dukani au ni ofisi ya wakubwa? Anapita zake. Halafu eti biashara mbaya!

Jengeni baraza kwanza, jamani. Kivuli huanzia nje.