Uvira: Sumaku inaweza kusafisha maji ya Kilibula?

Katika kata ya Kilibula, mjini Uvira, robine ikikauka watu hawangoji. Wanabeba bidoni na kuteremka ziwani ama mtoni. Matokeo yake yalishapimwa. Watafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine walichunguza hesabu za kolera Uvira, tangu 2009 hadi 2014. Walikuta kwamba baada ya siku moja bila maji ya bomba, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kolera waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, wakilinganishwa na wakati maji yanapotoka vizuri.

Je, sumaku inaweza kusaidia? Ufundi wenyewe upo, na si mpya. Unga laini wa magnetiti, aina ya madini ya chuma, unatiwa ndani ya maji machafu. Tope linashikamana nao, kisha sumaku inavifanya vitue haraka pamoja. Unga unaoshwa kwa soda na kutumiwa tena. Wataalamu wa Australia walijenga mitambo ya namna hiyo miaka mingi iliyopita. Mwaka 2019, kijana wa Ireland, Fionn Ferreira, alishinda shindano la Google kwa kutoa chembe za plastiki majini kwa njia inayofanana na hiyo.

Kwa Uvira, tope si jambo dogo. Regideso inachota maji ya mto Mulongwe, na mvua ikinyesha milimani mto unashuka na udongo. Aprili 2020 ulifurika, ukaua watu na kuharibu mitambo ya maji.

Lakini sumaku haiui kijidudu cha kolera. Baadhi ya vijidudu vinaondoka na tope. Vinavyobaki vinahitaji klorini. Mtambo huo unadai pia umeme usiokatika, asidi, soda na mafundi. Na hata maji yakitoka mtamboni yakiwa safi, bomba likikauka mama wa Kilibula atarudi ziwani tu. Kwa hiyo atakayeleta mradi wa sumaku aulizwe kwanza: robine zitatoa maji siku ngapi kwa juma?

Kwa leo, nyumbani, tope liachwe litue, maji ya juu yamiminwe katika chombo kingine, ndipo klorini itiwe na kungojewa nusu saa. Ikitiwa kwenye maji yenye tope, nguvu yake inaishia kwenye udongo.