Mwamko wa Ben du Toit na Risasi ya Stanley

Uhakiki unaomfanya Ben du Toit kuwa kipimo cha mwamko katika filamu ya A Dry White Season (1989) unatazama kwa macho ya utawala uleule unaodai kuushutumu. Kwa mujibu wa usomaji huo, mwalimu huyu Kaburu ndiye mhusika pekee anayekua. Gordon Ngubene, mkewe Emily na Stanley Makhaya ni wahusika bapa walioumbwa ili wamwamshe. Dai hili hutolewa kana kwamba ni suala la fani tu.

Ben anajifunza nini hasa? Gordon, mtunza bustani wake, anapomletea mwanawe Jonathan aliyechapwa viboko na polisi, Ben anamshauri ayaache yapite. Huenda kijana alikosa. Hii ni Afrika Kusini ya 1976, mwaka wa maandamano ya wanafunzi wa Soweto. Jonathan anafariki. Gordon, anayetaka tu kujua yaliyompata mwanawe, anakamatwa, anateswa, naye anafia mikononi mwa polisi. Hapo ndipo Ben anapoanza kuuliza maswali. Kila analoligundua, kwa gharama ya kazi na ndoa yake, watu wa Soweto walilijua tangu utotoni. Kinachoitwa ukuaji, basi, ni kuufikia kwa kuchelewa ujuzi ambao wengine waliupata kwa ngozi zao. Si jambo dogo, kwani Ben analilipia kwa uhai wake. Hata hivyo, Gordon, mtu mpole aliyezoea kutii, anakataa kunyamaza mbele ya dola isiyomtambua kuwa raia kamili, wala hana rangi ya kumkinga. Ikiwa hayo si mabadiliko ya mhusika, istilahi hiyo haina maana. Filamu imempa Gordon muda mfupi. Mhakiki hana sababu ya kumpunguzia zaidi.

Euzhan Palcy, mwongozaji mzaliwa wa Martinique, aliliona tatizo hilo. Katika riwaya ya André Brink (1979) ambayo ni chimbuko la filamu, Ben anauawa kwa kugongwa na gari, na hati zake zinabaki kwa rafiki yake mwandishi anayezisimulia. Hata kumbukumbu ya mateso ya Soweto, kwa hiyo, inahifadhiwa na Wazungu wawili. Palcy alikataa kuishia hapo. Katika filamu yake, Kapteni Stolz anamgonga Ben, kisha Stanley, dereva wa teksi, anampiga Stolz risasi.

Wapo wanaokiona kitendo hicho kuwa kisasi cha kuwaburudisha watazamaji, kisichotokana na mantiki ya hadithi. Hoja hii haina mashiko. Stanley ndiye aliyempeleka Ben Soweto, akamwonyesha asiyoyajua, huku akimcheka kwa ujinga wake. Hakuna wakati ambapo Stanley alikuwa amelala hata asubiri kuamshwa. Mhakiki anayekerwa na risasi hiyo, ilhali mateso ya Gordon katika chumba cha polisi aliyapokea kama uhalisi uliofaulu, na aeleze ni kanuni ipi ya fani iliyovunjwa.